Nilivyoipa bei Leaf yangu pale Dodoma

Mwaka 2024 nilipata uhamisho kwenda Singida, na gari niliyokuwa naendesha Dodoma ni Nissan Leaf ya 2014, gari ya umeme, ile ya betri ya kilowatisaa 24. Dodoma mpaka Singida ni kilometa kama 240, na yangu ikijaa full ilikuwa inanipa mia hivi, yaani hata Manyoni singefika, kwa hiyo hakukuwa na namna zaidi ya kuiuza.

Shida ikawa bei. Huku kwetu gari tunaipima kwa namba gani, cc ngapi, imetembea kiasi gani, ukisema tu IST namba D kila mtu anajua pa kuanzia. Sasa Leaf haina cc. Dalali wa kwanza pale Majengo aliizunguka, akafungua boneti, akatulia kidogo halafu akasema "Kaka weka 22, hiki kitu hakipo mjini, anayeitaka atatoa tu." Kesho yake mwingine akaniambia nikipata 8 nishukuru Mungu, nani atanunua gari ambayo mafundi wa mtaani hawaijui? Milioni 22 na milioni 8, gari ileile, na wote wawili hakuna hata mmoja aliyeuliza betri ikoje. Hilo liliniuma kwa kweli.

Maana kwenye gari ya umeme betri ndo gari yenyewe, vingine vyote hadithi. Na Leaf betri yake haina mfumo wa kuipooza, inategemea hewa tu, sasa fikiria jua la Dodoma la mwezi wa kumi na moja lami inavyochemka. Mimi hiyo gari niliitunza, nilikuwa nachaji usiku, sijazi mpaka mia kila siku, mchana napaki chini ya mwarobaini, na nilitaka bei iseme hivyo.

Kwenye dashibodi kulia kuna vijiti 12 vidogo, hivyo ndo afya ya betri, sio chaji. Cha kwanza kinapotea betri ikishapungua kama asilimia 15, vinavyofuata kila kimoja kama asilimia 6 hivi. Yangu ilikuwa imebaki 10. Ila vijiti pekee havitoshi, kuna watu wanafuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri vinarudi vyote 12 kwa muda, mnunuzi anaondoka anafurahi halafu baadae vinaanza kudondoka kimoja kimoja. Kwa hiyo nilichomeka kile kidude cha Bluetooth cha kusoma kompyuta ya gari chini ya usukani, nikafungua app ya LeafSpy kwenye simu, ikasoma afya asilimia 76, na vile vijiti 96 vya seli vimejipanga karibu usawa, hakuna iliyoanguka peke yake. Hilo la mwisho nadhani lina thamani kuliko hata ile 76, seli moja mbovu inaangusha betri nzima.

Nikakaa na karatasi. IST za hali nzuri zilikuwa zinaenda 12 mpaka 13. LUKU ya elfu kumi, ukiacha pembeni ile kodi ya jengo, ilikuwa uniti kama 28, na uniti moja ilikuwa inanipeleka kilometa tano, hapo una kilometa 140. IST hizo 140 itataka lita kama 12, na petroli ilishavuka elfu tatu lita. Hiyo ni faida ya mnunuzi kila wiki, lazima iwemo kwenye bei. Upande wa pili kuna umbali mfupi na suala la betri ya kubadilisha, pale mjini sikuwahi kumuona anayeuza. Nikaanzia 16, moyoni nikaweka 14.

Walikuja wengi wa kupiga picha. Aliyekuja kununua ni dada mmoja anafanya kazi Mtumba anakaa Area C, kaja na mdogo wake fundi umeme. Nikampa simu aone mwenyewe vile vijiti vya seli. Akaangalia vizuri tu, halafu akasema "Kaka yangu, simu nimeiona, sasa twende barabarani." Nilimheshimu sana pale. Tukatoka Area D chaji 92, yeye anaendesha, AC imewashwa maana ilikuwa saa nane mchana, mpaka Mtumba, tukazunguka ndani mle, tukarudi kupitia Ihumwa na Nzuguni, mdogo wake anaandika asilimia kwenye daftari kila baada ya kilometa tano. Tumefika chaji 47, tumetembea kilometa 45. Akapiga hesabu palepale kwenye bonge la simu lake, akaona kazini kwenda na kurudi haili hata asilimia 50 ya chaji, inabaki.

Nikamwambia wazi, dada hii Dar haikufikishi, hata Morogoro haikufikishi. Akasema Dar siku hizi anapanda treni ya SGR, tangu ianze kuja Dodoma mwezi wa saba gari hajawahi kuitoa nje ya mkoa, hii ni ya kazini na Sabasaba sokoni. Kumbe kwake ule umbali mfupi niliokuwa nimeushushia bei haukuwa tatizo kabisa! Lakini la betri ya kubadilisha akalishika hapohapo, "Ikichoka nitaipata wapi? Nipunguzie hiyo." Alikuwa na haki. Tukavutana kuanzia 13, mdogo wake anasogea pembeni tunabaki wawili, tukafunga 14 na laki mbili.

Mkataba tuliandikishiana kwa mwanasheria, hela ikaingia benki, umiliki tukabadilisha TRA. Akaomba na kile kidude cha Bluetooth, nikamwachia bure, nikamuonyesha namna ya kusave ile ripoti kila mwezi ili na yeye siku akiuza awe na kitu cha kumuonyesha mteja.