Maji ya Kisima

Nimekaa barazani jioni hii na kikopo kimoja cha maharagwe yaliyokauka, nakitazama tu.

Wiki tatu zilizopita niliwapelekea watoto wa gredi ya 4 vifurushi vya kupandia: kikopo kilichotobolewa chini, mboji iliyochanganywa na makumbi ya nazi, mbegu za maharagwe na za mchicha. Shule yenyewe iko kisiwani, uwanja wote saruji. Kila mtoto alipanda viwili, kimoja cha darasani, kimoja cha kwenda nacho kwao. Vya dirishani viwili vikatwaliwa na kunguru siku ya pili (mwenye kuijua Mombasa hataniuliza kunguru gani).

Mchicha ulichomoza mapema. Maharagwe yakafuata, yametoka yameinama kama mtu aliyerukuu, kisha yakajiinua. Watoto walipiga kelele hadi mwalimu wa darasa la pili akaja kuchungulia.

Wiki ya pili ndipo vya nyumbani vilipoanza kurudi vimeungua, majani hudhurungi pembeni. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikawahutubia kuhusu kumwagilia kupita kiasi. Msichana mmoja wa Majengo akangoja nimalize.

"Mwalimu, kwetu maji ni ya kisima. Hata chai hatupikii."

Nilinyamaza. Karatasi ya kifurushi imeandika "mwagilia maji safi", na ya kisima ni safi, meupe pe! Nimezaliwa hapa hapa, nimeoga maji hayo utoto wangu wote na sabuni ikakataa kutoa povu, na bado sikukumbuka kuwa yana chumvi. Maji matamu hununuliwa kwa mtungi wa lita 20 kwa mwenye mkokoteni. Nani atamwomba mamake ayamwage kwenye kikopo cha udongo?

Basi somo likageuka. Niliwauliza embe mbichi ikitiwa chumvi ya achari huwaje. "Yatoa maji!" Naam, na mzizi nao ndivyo: chumvi ikizidi udongoni, maji yapo lakini mmea hauwezi kuyavuta. Maharagwe ni manyonge mno kwa chumvi, mchicha huvumilia zaidi. Kwa hiyo wenye visima tuliwabadilishia mbegu. Ningewauliza maji yao tangu siku ya kwanza, wasingelia watatu darasani.

Yule wa Majengo alikataa kubadilishiwa. Akapanda maharagwe upya, akawa anayanywesha maji ya kuoshea mchele, kwa kuwa mamake mchele huuosha kwa maji matamu. Leo amekuja na kikopo chake, majani mabichi yametanda, na chupa ya maji hayo meupe kwa ajili ya vikopo vya wenzake.

"Mama asema, Mwalimu, chupa airudishe."

Ninayo hapa. Nimesahau kuirudisha.