Mlingoti wa Simu Mnaupinga, CT Je?

Msingi wa mlingoti wa simu ukianza kuchimbwa Eastlands, Nairobi, wapangaji hukusanya sahihi jioni hiyo hiyo. Lakini mgonjwa akirudiwa CT ya tumbo (eksirei ya kompyuta inayopiga mwili vipande kwa vipande) kwa sababu tu picha za juzi zimebaki hospitali nyingine, hakuna anayeguna.

Mawimbi ya mlingoti hayana nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu. Yakizidi, madhara yanayojulikana ni kupasha mwili joto, na mwongozo wa ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mawimbi ya aina hii, unaweka kikomo cha umma kuwa wati 4.5 kwa mita ya mraba kwenye megahezi 900. Eksirei ndiyo inayoweza kuvunja DNA, kwa hiyo hesabu tuzielekeze huko.

Udongo, radoni (gesi ya asili itokayo ardhini) na miale ya angani humpa binadamu wastani wa milisieverti (mSv), kipimo cha dozi ya mionzi mwilini, 2.4 hivi kwa mwaka. Nairobi, kwa kuwa juu, hupata miale ya angani zaidi kidogo kuliko Mombasa, na sijasikia aliyehama kwa hilo. Picha ya kifua haizidi mSv 0.1. CT ya kichwa ni kama 2; ya tumbo na nyonga, 8 hadi 10. Ikipigwa kabla na baada ya dawa ya mshipani ya kung'arisha picha, yaani awamu mbili, pasipo haja, dozi hukaribia kuwa maradufu.

Kimataifa, kikomo cha mfanyakazi ni wastani wa mSv 20 kwa mwaka, na cha mwananchi ni 1. Watu huisoma hiyo 1 kama mpaka wa sumu. Sivyo: ni kamba ya kumfunga mwenye mashine, isiyohesabu mionzi ya asili wala ya matibabu. Mgonjwa hana kikomo kabisa, na ni sawa. Majeruhi wa bodaboda anayevuja damu kichwani hawezi kuambiwa mgao wake umekwisha. Anacholindwa nacho ni masharti mawili: picha iwe na sababu, na dozi iwe ndogo kadiri picha inavyobaki kusomeka.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia (KNRA), iliyoundwa kwa sheria ya 2019, ikaze ukaguzi kuliko kuhesabu vibandiko mlangoni. Mtoto akipigwa CT kwa mipangilio ya mtu mzima, anabeba dozi ya bure, na ana miaka mingi mbele ya saratani kujitokeza. Miale isipobanwa, eksirei ya kiwiko inamulika na kifua.

Muulize daktari kama ultrasaundi inatosha. Sema mapema kama una mimba. Ondoka na CD pamoja na ripoti, kisha uombe namba ya DLP, yaani jumla ya mionzi iliyotolewa kwa urefu wote uliopigwa, ambayo mashine ya CT huionyesha. Kwa mtu mzima, izidishe kwa 0.015 ikiwa ni tumbo, au 0.0021 ikiwa ni kichwa: DLP ya 600 tumboni ni mSv 9. Ukipata 25, muulize mtaalamu wa picha walipiga awamu ngapi, na kwa nini.