Namba ya kanisa iwe ya kanisa

Usharikani kwetu Nkuhungu, Dodoma, ukimtaka mchungaji unampigia katibu. Katibu akihama, namba inaondoka naye. Wazee wa kanisa walipendekeza simu za intaneti; mimi nilikataa. Umeme ukikatika ruta inazima, na bibi wa Mvumi anayeomba kuombewa, aliyeandika namba yetu ukutani kwa mkaa, atampata nani?

Tukachagua simu ya mezani inayotumia laini ya kawaida ya simu ya mkononi, yenye betri yake, laini isajiliwe kwa jina la kanisa. Isipopokelewa, inajihamisha kwa mzee wa zamu: unabonyeza **61*, namba yake, kisha #, halafu unapiga. Mtandao ukisumbua, tangu 2017 unahama kampuni na namba yako ileile. Zamu za usiku bado hazijajaa. Jumanne nimeichukua mimi.