Majivu ya pumba ndani ya alumini: nilipofikia

Lengo langu ni bushi za mkokoteni, yaani vikombe ambamo ekseli huzunguka, za alumini chakavu iliyotiwa majivu ya pumba za mpunga, ili zisilike upesi.

Pumba hapa Tabora si shida, mashine za kukoboa zinazitupa marundo kwa marundo. Kazi iko kwenye kuchoma. Kilo tano hutoa kama kilo moja ya majivu, ambayo sehemu kubwa ni silika. Yakiwa meusi bado yana kaboni, na alumini iliyoyeyuka haishikani nayo. Yanaelea juu kama pilipili manga kwenye mchuzi. Nayarudisha motoni hadi yawe kijivu cheupe, bila kuzidisha nyuzi 700. Vumbi lake ni baya kwa mapafu, kwa hiyo barakoa haivuliwi.

Alumini natoa kwenye pistoni kuukuu. Si kwa ajili ya bei tu: pistoni nyingi zina silikoni karibu asilimia 12 na magnesi kidogo, na magnesi ndiyo inayosaidia majivu kulowana na metali. Majivu, asilimia 5 ya uzito, yanapashwa moto kwanza kutoa unyevu, kisha nayamwaga kidogo kidogo huku pangaboi la chuma, lililopakwa udongo lisiliwe na alumini, likikoroga.

Ugumu nimeupima bila mashine. Gololi moja ya beringi inawekwa katikati ya vipande viwili, chenye majivu na kisicho nayo, kisha jiliwa linakazwa. Nguvu ni ile ile pande zote mbili, hivyo chenye shimo pana ndicho laini. Kisicho na majivu kimebonyea zaidi, na kwenye msasa pia kimepungua uzito zaidi.

Fundi jirani alishangilia. Mimi nikaenda kwenye mizani ya jikoni. Kipande cha gramu 150 kikaning'inizwa kwa uzi ndani ya bakuli la maji lililo juu ya mizani, bila kugusa chini. Mizani ikapanda gramu 60. Densiti basi, 150 kugawa kwa 60, ni 2.50. Kwa hesabu ya mchanganyiko ilipaswa kuwa karibu 2.67. Hiyo tofauti ni hewa, zaidi ya asilimia 6, na nimeiona kwa macho nilipokata kwa msumeno: vitundu vyeusi vimejikusanya palipo na majivu mengi. Bushi ya hivyo itapasuka kabla ya kulika. Kwangu mimi, kipimo hiki cha maji kina maana kuliko kile cha gololi.

Hewa inaingizwa na kimbunga cha kukoroga. Dawa yake ni kukoroga metali ikiwa nzitonzito, kisha kuipasha tena kabla ya kumimina. Tatizo, metali ya pistoni inaganda karibu yote kwa mpigo, haikai katika hali hiyo. Kwa hiyo awamu ijayo nachanganya pistoni nusu kwa sufuria chakavu nusu, ambazo karibu hazina silikoni, ili silikoni ishuke hadi kama asilimia 6 na metali igande polepole. Waya za umeme zingefaa pia, ila kukutwa nazo mtaani ni kesi. Magnesi nayo itapungua nusu. Natafuta pa kuipata.