Tunarudishia nyumba uhai

Nyumba ya wazazi hapa Goma ilikuwa imefungwa muda mrefu sana, majani yamepanda mpaka dirishani, manjanja (mabati) zimeshika kutu, mbao za chini zote zimeoza sababu mvua ilikuwa inaruka inapiga ukuta. Basi tukaingia wote. Papa na kaka wakatoa mbao mbovu, zile mpya wakapaka mafuta chafu ya motere ili mchwa wasizikule, watoto wakang'oa misumari ya zamani wakainyoosha moja moja juu ya jiwe.

Lakini kazi yenyewe iko kwenye parseli, kile kiwanja cha nyumba! Kwetu lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita mwezi wa kwanza 2002, ukichimba kidogo tu jembe linalia, jiwe jeusi tupu, hata shimo ya choo ni nyundo na tindo. Mawe tuliyopasua tukapanga ukuta bila sima (saruji), yanashikana vizuri kwa vile yako makali. Udongo tulileta kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, magunia kwa magunia. Mama akapanda lengalenga (mchicha) karibu na tanki ya mvua, na mie naona alichagua vizuri sana, maji yakifurika yanaenda palepale.

Imebaki rangi. Papa anataka bluu, sisi wote nyeupe.