Siku moja maishani mwangu: sakafu ya bahari ndani ya beseni, Nairobi

Mimi ni fundi wa maabara ya jiolojia katika chuo kimoja hapa Nairobi. Mji huu umekaa juu ya miamba ya volkeno, na bahari iko mbali, safari ya usiku mzima kwa basi. Lakini jana kazi yangu yote ilikuwa sakafu ya bahari.

Saa kumi na moja alfajiri. Mvua ilikuwa imenyesha Githurai usiku kucha. Nauli ya hamsini ikawa mia, na makanga hakutaka mjadala.

Saa moja na nusu. Nilifungua maabara nikatoa kwenye droo jiwe ninalolipenda kuliko yote: bapa la mchanga uliogeuka mwamba, kutoka pwani ya Wales karibu na Aberystwyth, lenye umri wa miaka zaidi ya milioni 400. Upande wa juu halina la maana. Ligeuze. Tumboni limejaa vinundu virefu, kila kimoja kina kichwa kinene upande mmoja, kisha kinapanuka na kufifia upande wa pili.

Saa tatu. Wanafunzi wa mwaka wa pili waliingia. Niliwauliza vinundu ni nini. "Vilima vya chini ya bahari, Madam," akajibu mmoja. Kila mwaka jibu ni hilohilo, na kila mwaka nalifurahia.

Hapakuwa na vilima. Palikuwa na mashimo. Mkondo mzito wa maji na mchanga uliteremka kwa kasi juu ya tope lililoshikana kiasi. Mahali fulani maji yakajizungusha na kukomba tope, kama kijiko kinavyochota ugali: kina kirefu kilipoanzia, kisha kikaisha polepole. Mkondo ulipopunguza mwendo, mchanga wake wenyewe ukaanguka na kujaza shimo. Aliyechimba ndiye aliyefukia, na pengine yote yalikwisha siku hiyohiyo. Ndiyo maana umbo halikupata muda wa kuharibiwa na minyoo wala mikondo mingine.

Nilipofika hapo nyuso bado zilikuwa na ukungu. Akaniokoa kijana wa Kariobangi ambaye baba yake humimina sufuria za alumini. "Madam, kwani tope ndiyo kalibu, ile ya kumiminia?" Hasa! Tope ni kalibu, mchanga ndio sufuria. Baada ya kuzikwa chini ya matabaka mengine, mchanga ukagandamana kuwa mwamba mgumu na tope likawa mwamba laini. Ardhi ilipoinuliwa, mvua na mawimbi vikala ule laini kwanza. Kalibu ikatoweka, sufuria ikabaki. Shimo lenyewe hulioni tena. Unaloshika mkononi ni ujazo wake.

Na kichwa kile kinene kinaelekea mkondo ulikotoka. Pima vinundu hamsini kwa dira na utajua mteremko wa bahari isiyokuwepo tena ulielekea wapi.

Saa tano. Stima zikapotea, video ikafa. Nikainamisha tangi la kioo na kumwaga maji ya udongo mweusi. Hayakuchanganyika, yalitambaa chini ya maji safi kama moshi mzito. Nikawasimulia ya Januari 2020: baada ya mafuriko makubwa ya Mto Kongo, mkondo wa namna hii ulishuka korongo la chini ya Atlantiki kwa zaidi ya kilomita 1,100, ukifikia mita 8 kwa sekunde, ukakata nyaya za intaneti za SAT-3 na WACS. Hapo simu zote ziliwekwa chini. Intaneti ikiguswa, kila mtu anasikiliza.

Saa saba. Chapo madondo kwa Mama Shiro. Aliniuliza kwa nini kucha zangu ni nyeusi.

Saa nane. Zamu yao. Kila kundi lilitandaza udongo wa mfinyanzi kwenye beseni, likachota mashimo kwa kijiko, likamimina plasta. Baada ya nusu saa wakageuza na kuosha udongo. Kelele niliyoisikia ilikuwa ya watoto, si ya watu wa chuo kikuu.

Tulipotoka nje mmoja akaonyesha viwimbi kwenye mawe ya Mazeras, kule pwani, yaliyopamba njia. "Na hizi?" Hapana, hizo ni za maji ya kina kifupi, na zimejengwa juu ya mchanga, hazikuchimbwa. Ila alikuwa ameinama kutazama jiwe analolikanyaga kila siku, nami hilo lilinitosha.

Saa kumi na moja jioni. Niliwaambia wasioshe udongo kwenye sinki. Walioshea kwenye sinki. Maji yamesimama, chini yake tope limetulia tabaka kwa tabaka, mchanga chini, laini juu. Nimelipiga picha kwa ajili ya kipindi kijacho, kisha nikampigia simu fundi wa bomba.