"Nani Kasema?"

Insha yangu ya kwanza ya chuo ilirudi na wino mwekundu karibu kila ukurasa. Yaliyoniuma yalikuwa maneno mawili yaliyojirudia pambizoni: "Nani kasema?" Mara tano mwalimu aliyaandika. Ya sita nadhani alichoka, akaweka alama ya kuuliza basi.

Sentensi ya kwanza kukamatwa ilikuwa hii: "Watafiti wengi wanakubaliana kwamba usingizi huimarisha kumbukumbu." Nikafungua daftari niwahesabu hao wengi. Nilimkuta mmoja. Na huyo mmoja mwenyewe sikuwahi kumsoma. Nilisoma kitabu cha mtu mwingine kilichomtaja, nikamtia kwenye orodha ya marejeleo kana kwamba makala yake niliishika mkononi.

Tuliagizwa kutumia mtindo wa APA (kanuni za kutaja vyanzo za Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani), toleo la 7, lililotoka mwaka 2019. Kwa mtindo huo, kama umemfikia Fulani kupitia kwa Mwingine, ndani ya insha unaandika "Fulani, kama alivyonukuliwa na Mwingine", halafu unaweka mwaka wa Mwingine. Kwenye orodha ya mwisho anaingia Mwingine peke yake, kwa kuwa ndiye uliyemsoma. Nilipoijua kanuni hiyo niliona nimepata njia ya mkato, mpaka nilipoitafuta makala ya Fulani yenyewe. Mahali ambapo kitabu kilisema "imethibitika", yeye alikuwa ameandika "huenda". Sentensi yangu ikabidi inywee. Tangu hapo nikiweza kukipata chanzo chenyewe nakisoma, hata kama ni kurasa tatu tu ninazozihitaji.

Kazi iliyonitoa jasho hasa ilikuwa kutafuta kurasa. Nilikuwa na dondoo nzuri, nimeinakili neno kwa neno, bila namba ya ukurasa. Nilikipekua kile kitabu usiku kucha, nikaipata alfajiri kwenye maelezo ya chini ya jedwali. Siku hizi naandika namba ya ukurasa kwanza, kabla ya neno lolote. Maneno ya mwandishi nayafungia ndani ya alama za mtajo palepale daftarini. Ya kwangu natangulizia herufi M. Ni kialama cha kitoto, lakini baada ya wiki mbili huwezi kukumbuka ile sentensi tamu ni ya kwako au ya mtu. (Ikiwa tamu mno, kwa kawaida ni ya mtu.)

Kuna kosa jingine ambalo mimi nililiita kufupisha. Nilichukua aya ya mwandishi, nikabadilisha "husababisha" kuwa "huleta" na "matokeo" kuwa "athari", nikamtaja jina na mwaka, nikalala usingizi. Programu ya kukagua wizi wa maandishi ikaipaka rangi aya nzima. Nilibisha: si nimemtaja? Mwalimu akaniambia nimemtaja mwenye wazo, lakini mifupa ya sentensi zake nimeichukua nikaivalisha nguo zangu. Kilichonisaidia ni kufunga kitabu, kusimulia hoja kwa sauti kama ninayemweleza mdogo wangu, kuandika nilichosimulia, kisha kukifungua tena kuhakikisha sijampotosha. Jina na mwaka vinabaki palepale, maana wazo bado ni lake.

Upangaji wa kurasa haukunisumbua sana, isipokuwa orodha ya marejeleo. Kila rejeleo mstari wake wa kwanza hushika pambizo na inayofuata huingia ndani sentimita 1.27. Mimi nilikuwa naisukuma kwa kubonyeza nafasi, moja moja. Nilipofungua faili kwenye kompyuta nyingine mistari ilikuwa imetawanyika kama kuku waliofunguliwa bandani. Kumbe kwenye Word unachagua orodha, unabonyeza Ctrl na T, imekwisha.

Baadaye nikapata programu ya kukusanya marejeleo yenyewe. Inaokoa muda, sikatai. Ila ilinipa mwandishi aitwaye "Admin", na herufi yake ya kwanza ikampeleka juu kabisa ya orodha. Nusura niikabidhi hivyo hivyo. Sasa nafunga ubishi kwa vidole viwili: kimoja kwenye jina ndani ya insha, kingine kwenye orodha, mpaka kila aliyetajwa awe na mwenzake upande wa pili.

Insha ya tatu ilirudi na duara jekundu moja. Kwenye rejeleo la jarida, namba ya juzuu huandikwa kwa hati mlazo, lakini namba ya toleo iliyo kwenye mabano husimama wima. Mimi nilikuwa nimezilaza zote mbili. Nikafungua faili, nikaisimamisha.